Tulipe Masikio ya Fundi

Sisi tulio ng'ambo tukirudi Uganda tunapenda sana kuwasema mafundi wa nyumbani. Eti wanabahatisha, wanafungua hiki na kile, mwisho unanunua spea tatu na gari bado linalia. Ni kweli wanabahatisha. Ila mimi naona lawama ni yetu sisi wenye magari. Fundi wa Busia akikaa asubuhi nzima akisikiliza gari lako na kukuambia ugonjwa, unamwambia asante, unaondoka. Pesa yake ipo kwenye kufunga kitu, basi atafunga kitu.

Hapa Manchester fundi anauza saa. Gereji nyingi zinatoza pauni 60, 80, nyingine zaidi ya 100 kwa saa, na saa ya kutafuta kosa unailipa hata kama hakubadilisha boliti moja. Inauma, sikatai. Lakini mtu anayelipwa kutafuta hana haraka ya kukuuzia alternata, ile mashine ya kuchaji betri. Tena Uingereza gari likishafika miaka 3 hukaguliwa kila mwaka, na beringi za magurudumu, zile zinazoliwezesha gurudumu kuzunguka kwa ulaini, zimo katika ukaguzi huo. Kwetu, sheria ya 2018 inazuia kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi, maana yake la miaka 14 linaingia na tunaliita jipya. Gari la umri huo likianza kulia, pa kuanzia ni pengi.

Nilipokuwa nyumbani mara ya mwisho, gari la shemeji lilikuwa linavuma. Ukitoka Busia huwezi kulisikia, lakini ukipita Bugiri barabara ikanyooka, sauti inapanda na spidi mpaka mnazungumza kwa kelele. Kijana wa gereji alisikia injini ikinguruma kidogo tu, akasema alternata imekufa. Mwingine akasema ni pampu ya stering. Shemeji alikuwa tayari kuagiza alternata kutoka soko la spea la Kisekka, Kampala, ije na basi.

Nilimwendea mzee mmoja wa gereji ya pili nikamwambia, "Mzee, nakulipa elfu thelathini unisikilizie tu. Usifungue chochote." Akacheka, akadhani natania. Nikampa pesa mkononi.

Kwanza alikanyaga mafuta gari likiwa limesimama. Kimya. Hapo alternata na mkanda vikatoka kwenye kesi, kwa sababu hivyo hufuata mzunguko wa injini, gari litembee lisitembee. Akakata stering mpaka mwisho kulia na kushoto: pampu nayo ikanyamaza, na oili yake haikuwa na povu. Tukatoka barabarani. Kwenye lami mpya na lami mbovu mlio ulikuwa uleule, kwa hiyo si tairi. Akiachia mafuta haukubadilika, kwa hiyo hakuishuku gia boksi. Akaanza kuyumbisha gari taratibu. Likielekea kushoto, mlio unapanda. Likielekea kulia, unapungua. "Ni beringi ya kulia mbele," akasema, maana gari likikata kushoto uzito hulalia upande wa kulia.

Tuliporudi gereji akapiga jeki, akaweka kiganja kwenye springi na kulizungusha gurudumu kwa mkono mwingine. Akanishika mkono, akauweka pale pale. Springi ilikuwa inatetemeka kama inasaga mchanga. Upande wa kushoto, hakuna kitu.

Na hapa ndipo Manchester inaposhindwa. Huku gari ninaliacha mapokezi, mambo ya bima, mteja haruhusiwi kuingia ndani. Jioni napewa karatasi na bei. Sijawahi kuwekewa mkono kwenye springi. Nikiambiwa ni habu nzima, yaani kitovu cha gurudumu pamoja na beringi yake, ni habu nzima, nitabishana na nani? Busia nilijua ninacholipia kabla ya kukilipia.

Kwa hiyo ninachoomba si mafundi wetu wawe Wazungu. Naomba ukifika gereji uulize bei ya kutafuta kosa peke yake, uilipe, halafu spea izungumzwe baadaye. Mzee akishajua kusikiliza kwake kuna bei, hatakuwa na sababu ya kukimbilia spana.

Beringi ilipatikana, ikafungwa siku hiyohiyo. Shemeji bado anawaambia watu kwamba ndugu yao wa Ulaya alilipa elfu thelathini mtu asikilize gari. Bei ya alternata ambayo hakuinunua haitaji kabisa.