Sato tumle, lakini si kila bwawa ni lake

Kila nikiona picha ya mheshimiwa amevaa gambuti, anamimina ndoo ya vifaranga bwawani huku watu wanapiga makofi, najiuliza: mbegu hiyo imetoka wapi, na ni ya samaki gani? Aghalabu ni sato. Sato kwenye lambo la kijiji, sato kwenye bwawa la umwagiliaji, sato kwa mfugaji aliyechimba shimo nyuma ya nyumba. Kwa sehemu kubwa ya Tanzania, naona tunaharibu mali yetu wenyewe, tena kwa shangwe.

Sina ugomvi na sato. Nikimpata wa kuchoma, ndimu na pilipili pembeni, simwachi. Ila huyu ni mgeni karibu kila mahali tunapomkuta. Asili yake ni mto Nile, Afrika Magharibi na maziwa kama Turkana na Albert. Kwetu ana haki ya uenyeji upande wa Ziwa Tanganyika. Hata Ziwa Victoria, ambako wengi wanaapa kwamba ndiko kwao, alipandikizwa miaka ya 1950. Wenyeji wa ziwa lile ni ndugu zake wawili, ngege na mbiru. Mtafiti Mwingereza Michael Graham alipofanya utafiti wake wa uvuvi mwishoni mwa miaka ya 1920, ngege ndiye aliyekuwa samaki wa biashara, na tayari alipendekeza macho ya nyavu yasipungue inchi 5. Leo ngege na mbiru karibu wametoweka katika ziwa kuu. Lawama yote amebebeshwa sangara, na sato amepita katikati bila kuulizwa.

Ukitaka kumtambua sato sokoni, mtandaze mkia. Una mistari myembamba ya wima iliyopangana vizuri toka shina la mkia hadi ukingoni. Ngege hana mistari hiyo, na perege, ndugu mwingine wa sato, wa mito ya Wami na Rufiji hana mpangilio huo. Ukikuta mistari imekatikakatika, huku ipo, kule haipo, huenda umeshika chotara.

Chotara wanapatikana kirahisi kwa sababu ya namna samaki hawa wanavyozaana. Dume huchimba shimo la duara kwenye maji ya kina kifupi, hulisafisha kwa mdomo, hubadilika rangi, kisha hulilinda. Jike huja, hutaga, papo hapo huyazoa mayai kinywani na kuondoka nayo. Dume hana habari tena. Jike hukaa na mayai, halafu vifaranga, mdomoni hadi waweze kuogelea wenyewe. Ethelwynn Trewavas, mtaalamu wa samaki wa makumbusho ya Uingereza, aliwagawa jamaa hawa kwa kuangalia pamoja na mengine nani analea na kwa namna gani. Hawa ambao mama peke yake hubeba mayai mdomoni waliwekwa kwenye jenasi, yaani kundi moja la spishi za karibu, ya Oreochromis. Sasa angalia hatari ilipo. Kinachotenganisha spishi hizi kwa kiasi kikubwa ni jike kuchagua dume wa kwao. Sato akichimba mashimo jirani na perege, jike mmoja akikosea inatosha. Watoto wao hawawi tasa kama nyumbu wa punda na farasi. Wanazaa, na wajukuu wanazaa.

Nchi chache duniani zina aina nyingi za perege kama Tanzania. Kuna wa Ziwa Chala, chini ya Kilimanjaro, ambaye hapatikani kiasili mahali pengine popote. Kuna wa Ziwa Jipe na mto Pangani. Kuna wa maji ya magadi ya Manyara na Eyasi, na wale wadogo wa Natron, ambao ndugu yao wa Ziwa Magadi, Kenya, hutoa taka za mwilini kama urea badala ya amonia, kwa kuwa maji anayoishi hayamruhusu kufanya vinginevyo.

Lakini kisa ninachotaka tukikumbuke ni cha perege wa Zanzibar. Tatizo kubwa la kufuga perege ni kwamba majike huanza kuzaa wangali wadogo, bwawa linajaa vidagaa, na hakuna anayefika ukubwa wa kuuzwa. Dume hukua haraka zaidi. Mtaalamu wa samaki C. F. Hickling, akifanya kazi Malacca, Malaysia ya leo, aliwapandisha madume waliotoka Zanzibar kwa majike wa perege wa Msumbiji, na vifaranga wakatoka madume watupu. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1960. Ilikuja kujulikana kwamba samaki wa Zanzibar na wa mto Wami ni wamoja, na mwaka 1966 Trewavas akawapa jina la kisayansi, hornorum. Siri yao ni kwamba mfumo wao wa kurithi jinsia ni tofauti na wa yule wa Msumbiji. Leo vituo vingi vya vifaranga huwalisha wadogo chakula chenye homoni ili wote wawe madume. Sisi tunao, mtoni Wami, samaki wanaoweza kuifanya kazi hiyo kwa damu yao. Damu hiyo ikishachanganyika na ya sato, mbegu safi ya kurudia haipo.

Nambieni basi, nani anamimina sato kwenye bonde la Wami na kuita maendeleo?

Na si nadharia. Katika maziwa madogo ya Rutamba, karibu na Lindi, vipimo vya vinasaba vimeonyesha sato na perege wa pale wamekwisha kuchanganyika. Malawi hairuhusu sato kuingizwa nchini, kwa kuwahofia chambo, perege wao wa Ziwa Nyasa. Mwaka 2013 watafiti wakachapisha taarifa kwamba sato yumo katika bonde la Ziwa Nyasa, upande wa Tanzania.

Mfugaji atanijibu kwamba sato anakua haraka. Ni kweli. Lakini sato wa kisasa ameboreshwa kwa kuchaguliwa kizazi baada ya kizazi. Mradi maarufu ulioanza Ufilipino mwaka 1988 ulichukua samaki wa mwituni kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegali ili upate pa kuanzia. Perege wetu hajafanyiwa kazi ya namna hiyo. Kumpima na sato huyo ni kumshindanisha kuku wa kienyeji na broila. Tena wafugaji wengi vijijini wanalisha pumba na kurutubisha bwawa kwa samadi, si chakula cha dukani. Katika hali hiyo sijui kwa nini tuamini matangazo ya wauza mbegu.

Ziwa Victoria limeshapita, sato yumo na hatoki. Huko wafuge sato kwenye vizimba. Chala na Jipe isiingizwe hata ndoo moja ya samaki wa nje. Na Morogoro, kabla ya masika mengine kuvunja kingo za mabwawa na kuwamwaga sato mtoni, kijengwe kituo cha perege wa Wami: mabwawa machache yaliyo mbali na mafuriko, wazazi waliopimwa vinasaba, na mtu anayejua kusoma mkia.