Ndiyo, Koti Lile Lile Tena

“Hilo koti tena?”

Aliyeniuliza ananipenda, na hakuwa na nia mbaya. Tulikuwa tunapitia picha za sherehe mbili zilizopishana kwa miezi minane, na katika zote mbili nimevaa koti moja la buluu iliyokoza. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama anayekutonya kwamba kifungo kimekufunguka mbele za watu. Nikamjibu kwamba ndilo hilo, tukaendelea na picha nyingine. Lakini swali halikuondoka. Ndani yake mna imani ambayo wengi wetu tumeimeza bila kuitafuna: kwamba vazi likishaonekana limemaliza kazi yake.

Mimi naamini kinyume chake. Vazi huanza kusema linaporudi. Siku ya kwanza ni kitambaa kizuri na mshono mzuri. Linapovaliwa mara ya tano, ya kumi, ya arobaini, ndipo watu wanapoanza kulisoma pamoja na aliyelivaa, na hapo ndipo neno “kujieleza”, tunalolitumia ovyo siku hizi, linapopata maana.

Koti langu lina vifungo vinne. Vitatu ni vyeusi, vya kiwandani. Cha nne, cha chini kabisa, ni cha rangi ya maziwa na kimelika ukingoni. Nilikikata kwenye blauzi ya mama siku tuliyogawana nguo zake. Blauzi yenyewe haikunienea, na sikuwa na moyo wa kuikunja na kuificha sandukuni, kwa hiyo nilichukua kifungo kimoja nikakishona mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake. Kila ninapofunga koti, vidole vyangu vinakifikia mwisho, na najua nimevaa nini.

Kitu kidogo cha namna hiyo kinaweza kubeba mzigo ambao gauni zima halibebi. Malkia Victoria wa Uingereza alifiwa na mumewe Desemba 1861, akavaa nyeusi mpaka alipokufa mwaka 1901. Miaka takriban 40 ya rangi moja. Katika enzi yake watu walivaa pete na vidani vilivyofumwa kwa nywele za marehemu wao, au vilivyokuwa na kijidirisha cha kioo chenye nywele hizo ndani. Kuna wasomaji watakaosisimka mwili wakisikia hivyo. Mimi nawaelewa kabisa watu wale.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, si wa msiba. Ni wa Ruth Bader Ginsburg, aliyeingia Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1993. Joho la jaji lilikuwa limeshonwa kwa kumfikiria mwanamume: shingoni limeachwa wazi ili shati na tai vionekane. Ginsburg na Sandra Day O’Connor, mwanamke wa kwanza katika mahakama ile, walianza kuvalia kola juu ya joho hilo. Baadaye Ginsburg akazipa kola zake kazi. Alikuwa na moja ya rangi ya dhahabu aliyoivaa siku alizosoma uamuzi wa majaji walio wengi, na nyingine nyeusi yenye vito vya kumetameta aliyoivaa siku alizopinga uamuzi. Alifanya hivyo tena na tena, mpaka waliofuatilia mahakama wakaweza kujua msimamo wake kabla hajafungua kinywa.

Siku moja baada ya uchaguzi wa rais wa Novemba 2016, alioshinda Donald Trump, aliketi kitini akiwa amevaa kola ya kupinga. Siku hiyo hakuwa na uamuzi wowote wa kupinga. Hakusema lolote, na waliomwona walielewa. Najiuliza ingekuwaje kama angekuwa mtu wa kola mpya kila wiki. Tungesema kola yake inapendeza, tukapita. Kola ile iliweza kusema siku hiyo kwa sababu ilikuwa imetumika kwa maana moja kwa miaka.

Madeleine Albright naye alijulikana kwa pini alizobandika kifuani. Alipokuwa balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, magazeti ya serikali ya Iraki yalimwita nyoka, basi akaenda kukutana na maofisa wa Iraki akiwa na pini ya dhahabu ya nyoka. Unaweza kunipinga kwa mfano huu, kwani yeye alibadilisha pini kila mara. Ni kweli. Lakini alichokirudia ni tabia yenyewe. Pini ilikuwa mahali pale pale, na wanadiplomasia walijifunza kuitazama kabla ya kumsalimu.

Wenye mamlaka wanajua vizuri kwamba vazi linasema, pengine kuliko sisi tunaolichukulia kama jambo la kioo na poda. Mwaka 1786 huko Louisiana, iliyokuwa chini ya Hispania, gavana Esteban Miró alitoa amri iliyowalazimisha wanawake huru wenye asili ya Kiafrika kufunga nywele zao kwa kitambaa. Shabaha ilikuwa kuwashusha, wasionekane sawa na wanawake wa Kizungu. Wanawake wale walitii amri kwa namna yao. Walichagua vitambaa vya thamani vyenye rangi kali, wakavifunga vikasimama juu, wakavipamba kwa vito na manyoya ya ndege. Kitambaa kilichokusudiwa kuwa alama ya unyonge kikawa kilemba cha fahari. Sheria haikuvunjwa hata herufi moja, na bado ilishindwa. Kila nikiwafikiria naona jambo moja: walikifunga kila siku. Kama wangefanya hivyo Jumapili moja tu kisha wakakaa kimya, amri ya gavana ingebaki na maana aliyoitaka yeye.

Sasa nigeukie upande ambao watu wengi huukejeli, nao ni ubunifu wa dhana: nguo za jukwaani zinazomfanya mtu aulize, “Nani atavaa hiki?” Swali hilo nimelisikia mara nyingi, na naliona ni la haraka mno. Haliwahi kuulizwa kwa mchoro ukutani.

Rei Kawakubo, mwasisi wa jumba la mitindo la Kijapani Comme des Garçons, alianza kuonyesha kazi zake Paris mwaka 1981. Mwaka uliofuata alileta sweta nyeusi zenye matundu, kama zilizoliwa na nondo. Matundu yale hayakuwa ajali. Mashine za kufumia zililegezwa skrubu makusudi, ili zisifume sawasawa. Kwake yeye ile ilikuwa aina ya lesi. Kisha katika mkusanyiko wake wa machipuko na kiangazi 1997 alishona magauni yaliyojazwa mito ndani, ikavimba mgongoni, kwenye nyonga, begani, mahali ambapo fundi yeyote angejitahidi kupapunguza. Wengi walikereka. Lakini nguo hizo zinauliza swali ambalo kila mwenye mwili amewahi kulibeba mbele ya kioo: nani aliamua umbo la mwili liishie hapa? Mwaka huo huo, mtunzi wa dansi Merce Cunningham aliwavalisha wacheza dansi wake vazi la namna hiyo jukwaani. Nguo ikawabadilishia mizani ya mwili, na dansi ikabadilika nayo.

Mbunifu Hussein Chalayan alizaliwa Nicosia, Kupro, kisiwa kilichopasuliwa na vita, ambako familia nyingi zililazimika kuacha nyumba zao. Februari 2000, London, alipanga jukwaani kitu kama sebule: viti, na meza ya duara ya mbao. Wanamitindo wakavua vitambaa vya viti wakavivaa kama magauni. Viti vikakunjwa vikawa masanduku. Mwisho mwanamitindo mmoja akaingia katikati ya meza, akaiinua, ikamwandama kiunoni kama sketi yenye ngazi. Hakuna atakayevaa meza kwenda kazini, na Chalayan hakumtaka mtu aivae. Alikuwa anauliza nini kinabebeka mtu anapofukuzwa nyumbani kwake. Nimeona hotuba ndefu kuhusu wakimbizi ambazo hazikunigusa hivyo.

Na kuna mbunifu Martin Margiela. Lebo za nguo zake zilikuwa kipande cheupe kisicho na neno, kilichoshikizwa kwa mishono minne ya uzi mweupe inayoonekana kwa nje. Katika onyesho lake la kwanza, Paris, Oktoba 1988, wanamitindo walivaa buti zenye kidole gumba kilichotengwa, alizozitoa katika tabi, soksi za Kijapani zenye mgawanyo huo. Nyayo zilipakwa rangi nyekundu zikaacha alama kwenye kitambaa cheupe cha sakafuni. Kitambaa kile hakikutupwa, kikashonwa kuwa vazi la mkusanyiko uliofuata. Buti nazo alizirudisha msimu baada ya msimu, na mpaka leo jumba lake la mitindo linazitengeneza. Huyu ni mbunifu anayeheshimiwa kwa kuwaza mapya, na kitu kinachomtambulisha zaidi ni kiatu alichokataa kukiacha.

Kwa hiyo nikiambiwa kwamba kurudia ni dalili ya kukosa ubunifu, siwezi kukubali.

Misimu ya mitindo ni kalenda iliyobuniwa na watu. Charles Frederick Worth, Mwingereza aliyefungua jumba lake Paris mwaka 1858, aliwaonyesha wateja nguo alizokwisha kuzibuni mwenyewe, zikiwa zimevaliwa na wanawake hai. Kabla ya hapo ilikuwa kawaida kwa mteja kumwelekeza mshonaji anachotaka. Kutoka kwenye mazoea hayo tukapata mizunguko miwili mikubwa ya mwaka, machipuko na kiangazi kwa upande mmoja, vuli na baridi kwa upande wa pili. Majira yenyewe ni ya nusu ya kaskazini ya dunia. Walio kusini huyapata kinyume, na walio karibu na ikweta hawana vuli ya majani kupukutika wala theluji, lakini wanaambiwa koti zito la sufu ya kondoo ndiyo habari ya mwezi. Jambo hilo pekee lingetosha kutufanya tushuku kama “msimu” unahusu hali ya hewa au unahusu mauzo.

Hata rangi tunayodhani tumeichagua wenyewe huwa imechaguliwa mapema. Wauza nyuzi na vitambaa huonyesha rangi zao mwaka mmoja au zaidi kabla nguo hazijafika dukani. Kampuni ya rangi ya Pantone imekuwa ikitaja rangi ya mwaka tangu 2000. Mwaka 2023 ilikuwa Viva Magenta, 2024 Peach Fuzz. Sina ugomvi na rangi hizo, na ya kwanza naipenda sana. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba nikiivaa mwaka huo nimejieleza, na nikiivaa mwaka unaofuata nimechelewa.

Mwanasosholojia Mjerumani Georg Simmel aliandika mwaka 1904 kwamba mitindo inalisha njaa mbili kwa pamoja: kutaka kufanana na wenzetu na kutaka kutofautiana nao. Mtindo ukishavaliwa na wote unakufa, kwa kuwa hautofautishi tena. Nadhani alikuwa sahihi, na kwa sababu hiyo siwezi kuwadharau wanaofuata mitindo. Njaa zote mbili ninazo. Nimewahi kununua kitu kwa sababu tu kila niliyemtazama alikuwa nacho, nikafurahi siku ile, furaha ya kweli kabisa, ya kuwa mmoja wa kundi. Na mitindo mingine ina sababu nzito. Februari 1947, Christian Dior alipoonyesha sketi pana zilizokula mita nyingi za kitambaa, vita vilikuwa vimekwisha chini ya miaka miwili kabla, na Uingereza nguo zilikuwa bado zinagawiwa kwa mgao hadi 1949. Wapo waliokasirishwa na upotevu ule. Wapo pia walioona mwanamke aliyevaa hivyo wakaamini kwamba dhiki ina mwisho. Mtindo ule ulikuwa na kitu cha kusema, na watu walikuwa wamekingoja.

Kinachoniuma ni kasi. Mitindo inayosambaa kwenye simu zetu inatajwa jina Jumatatu na kuzikwa kabla mwezi haujaisha, kila mmoja na orodha yake ya vitu vya kununua. Kijana anayejitafuta anaambiwa wiki hii awe mtu huyu, wiki ijayo mwingine, na kabati linajaa sentensi zilizokatwa katikati. Angepewa muda wa kuvaa hereni moja mpaka rafiki zake wamtambue kwa mlio wake anapoingia mlangoni, angekuwa na kitu chake.

Najua pia kwamba kurudia nguo si uamuzi kwa kila mtu. Wengi wanarudia kwa kuwa ndizo walizonazo, na swali la “hiyo tena?” linawachoma mahali ambapo mimi halinichomi. Ndiyo maana natamani liachwe kabisa. Anayelisikia hana deni la kumweleza mtu.

Juzi nimelipeleka koti kwa fundi, abadilishe bitana iliyochanika kwapani. Aliligeuza, akakagua mishono, akavigusa vifungo kimoja kimoja. Alipofika cha mwisho alisita, akaniuliza kama anitafutie kinachofanana na vingine. Nikamwambia akiache. Hakuuliza zaidi. Alitunga uzi kwenye sindano, akakikaza.