Shayiri, Blenda na Mama Mkwe

Sheria ya Marekani iliyosainiwa na Rais Jimmy Carter mwaka 1978 inamruhusu mtu mzima kutengeneza nyumbani galoni 100 za bia kwa mwaka bila kulipa kodi, mradi asiuze hata chupa moja, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi inaruhusiwa galoni 200, zisizidi. Kwa hiyo mama mkwe wangu alipotua Minneapolis kutoka Marangu mwezi Januari, kuja kumwona mjukuu wake, haki yetu ya bia haikuongezeka hata kikombe. Kilichoongezeka ni usimamizi.

Hadi wakati huo nilikuwa mpika bia wa kopo. Nilikuwa nikinunua sharubati nzito ya kimea iliyokwisha kutengenezwa kiwandani, naichemsha pamoja na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, naipoza, natia hamira, nangoja. Bia ya namna hiyo hunyweka, lakini wapikaji waliobobea huitazama kama mpishi wa pilau anavyotazama tambi za pakiti. Baina yao na sisi wa kopo kuna njia ya kati, ambayo sehemu ya sukari ya bia hutoka katika shayiri unayoiloweka mwenyewe kwenye maji ya moto, na sehemu iliyobaki hukamilishwa na kopo lile lile. Kanuni yake ni fupi. Shayiri iliyooteshwa na kukaushwa ina wanga mwingi, na ina vimeng'enya vya kuugeuza wanga huo kuwa sukari. Ikikaa saa moja katika maji ya nyuzi 67 hivi za Selsiasi, kazi hujifanya yenyewe. Joto likishuka sana vimeng'enya husinzia, likipita nyuzi 75 huanza kuharibika, na kimeng'enya kikisha kuharibika hakuna dua ya kukirudisha.

Nilimweleza mama hayo yote kwa adabu, baada ya shikamoo ya asubuhi, na nikamchorea na mchoro. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo, baba, ni kimea tu?"

"Ndiyo, mama, ila ni cha shayiri."

"Na mpishi ni nani?"

"Ni mimi, mama."

Akavuta kiti, akakaa katikati ya jiko, na hakuondoka tena. Ni lazima ieleweke kwamba mama huyu amepika mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi ya Kilimanjaro, tangu usichana wake. Ulezi wake huuloweka, huuotesha, huuanika na kuusaga. Ndizi zake huzichemsha kwa saa nyingi. Gome la msesewa, linaloipa mbege uchungu, hulitia kwa kukadiria kwa macho. Hajawahi kumiliki kipimajoto, na sijasikia kwamba kuna mtu Marangu aliyewahi kurudisha kata yake mezani ikiwa na kitu ndani.

Shayiri yangu ilikuwa imefika kwa posta, kilo mbili, safi, ya rangi ya dhahabu, na nzima. Wenye duka waliweka katika fomu yao kisanduku cha kuwekea alama iwapo mteja anataka nafaka yake ipasuliwe, na kisanduku hicho kilibaki kitupu kwa sababu ambazo mimi na mke wangu tunatofautiana katika kuzieleza. Punje nzima haikupi kitu, kwa kuwa maji hayaufikii wanga uliomo. Kinachotakiwa ni kuipasua tu, kwa kuibana kati ya magurudumu mawili ya chuma, ili moyo wake uvunjike huku ganda likisalia kubwa, maana ganda ndilo chujio baadaye. Magurudumu sikuwa nayo. Nilikuwa na blenda, zawadi ya harusi yetu, ambayo mke wangu huitumia kwa juisi ya maembe siku za sherehe.

"Baba, hiyo itakuwa unga," mama alisema.

"Nitaibonyeza kidogo kidogo, mama. Ni kupasua tu."

Blenda haijui kupasua. Inajua kuacha na inajua kusaga, na kati ya hayo mawili hakuna kituo. Kila konzi niliyotia ilitoka ikiwa theluthi unga laini, theluthi punje nzima zilizoponea juu ya visu, na theluthi vumbi lililoelea jikoni likatua juu ya vyombo, juu ya dirisha na juu ya kilemba cha mama, ambaye hakujipangusa, nadhani ili ushahidi usipotee. Konzi ya mwisho ilipoingia, mtambo ulitoa harufu ya waya unaoungua, ukanguruma kwa uchungu, ukanyamaza kabisa. Mama aliuchomoa kwenye umeme, akauviringishia taulo na kuuweka kabatini, akafunga mlango polepole, kama tunavyofanya kwa mambo ambayo mwenye nyumba ataambiwa baada ya chakula.

Nilitia unga ule katika mfuko wa nailoni wenye matundu madogo, nikautumbukiza ndani ya sufuria yenye lita sita za maji ya nyuzi 73. Hesabu ilikuwa sahihi: nafaka baridi huyapunguza maji nyuzi sita hivi, na hapo ungefika 67 bila jasho. Hesabu hiyo, hata hivyo, ni ya nafaka iliyopasuliwa. Unga wangu ulipogusa maji ulijikunja ukawa madonge, mabichi kwa nje na makavu kabisa kwa ndani, na muda wote nilipokuwa nayafukuza kwa mwiko sufuria ilikuwa wazi ikipoa. Kipimajoto kikaonyesha 58. Nikawasha moto. Kikaendelea kuonyesha 58 kwa sababu nilikuwa nimekichomeka juu, ilhali joto lilikuwa limejaa chini, ambako vimeng'enya vyangu vilikuwa vikifa bila msaada na ambako, kama ilivyokuja kufahamika, nailoni ilikuwa ikifanya urafiki na chuma.

"Koroga, baba. Huo ni uji, na uji usipokorogwa huungua."

"Mama, huu si uji."

Alisimama, akachungulia, akaniangalia, akachungulia tena. Kisha, bila kusema neno, alinipokonya mwiko, akakoroga kutoka chini kwenda juu kwa mkono ule uliokoroga mapipa, na kipimajoto kikapanda kwa utii hadi 67. Akachovya kidole. "Hapo," akasema. Sikuona sababu ya kumwambia kwamba ni hapo kweli.

Sasa joto lilipaswa kutunzwa. Vitabu hupendekeza blanketi, lakini blanketi zote zilikuwa juu ya mama usiku, naye hakuwa tayari kuzitoa katika nchi ambayo siku hiyo nje kulikuwa na baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Badala yake alichukua koti langu la baridi, lile nene lililojazwa manyoya ya bata, akaivalisha sufuria, akafunga zipu hadi shingoni na kukaza kofia juu ya kifuniko. Sufuria ilipendeza. Ilikaa pale juu ya jiko lililozimwa kama mgeni aliyekataa kuvua koti.

Saa moja ilipopita nilifanya jaribio la iodini, lile tulilofanya sote maabara shuleni: tone la togwa yangu katika sahani nyeupe, tone la iodini juu yake, na rangi ikigeuka bluu-nyeusi maana yake wanga bado upo. Ikawa nyeusi kama wino. Mama alionja kwa kijiko, akasema bado ana unga ulimini. Tukangoja. Nyeusi tena, na mama akasema bado. Tuliendelea hivyo, mimi na sahani zangu, yeye na kijiko chake, nami nikiandika kila kitu katika daftari lenye safu za saa, joto na rangi, hadi alipoonja akabana midomo na kusema, "Sasa imekuwa tamu." Nikatia iodini. Ikabaki na rangi yake ya kahawia. Katika safu ya maoni nikaandika kwamba mabadiliko yamekamilika, bila kutaja chanzo cha taarifa.

Ilibaki kuutoa mfuko, kuulaza juu ya waya wa oveni uliokingamishwa kwenye sufuria, na kuusuuza kwa maji ya nyuzi 76 ili utoe sukari iliyosalia. Kilo mbili za nafaka iliyolowa huwa na uzito wa mtoto anayegoma kuondoka dukani, tena mtoto wa moto. Nilifungua zipu ya koti kidogo, nikashika shingo ya mfuko kwa mikono miwili, nikavuta kwa nguvu. Mfuko ukaja. Kitako chake hakikuja. Kilikuwa kimegandamana na sufuria tangu wakati ule wa moto. Kwa kitambo kifupi nilisimama nimeinua bomba la nailoni lililo wazi pande zote mbili, huku machicha yote yakishuka kwa pamoja, sehemu ndani ya sufuria, sehemu ndani ya mikono ya koti langu, na sehemu ndani ya soksi.

Mama alikwenda chumbani akarudi na foronya. Tulichuja kama mbege inavyochujwa, yeye akikamua, mimi nikishikilia, na kwa mara ya kwanza siku ile kazi ilikwenda bila maelezo.

Ya kuchemsha sitayarefusha. Togwa lilichemka, sharubati ya kopo ikatiwa, povu likapanda likafunika jiko, king'ora cha moshi kikalia, mtoto akaamka, na mke wangu akapiga simu kutoka kazini kuuliza kelele hizo ni za nini kabla hata sijasema haloo, kwa kuwa king'ora kile kimeunganishwa na simu yake. Nililolipenda ni la hopsi pekee. Nilikuwa na hopsi za Cascade, ambazo wataalamu wa Marekani walizitoa Oregon mwaka 1972 na ambazo hunukia kama ganda la balungi. Mama alizinusa, akaokota punje moja iliyoshindiliwa, akaitafuna kabla sijamzuia, akafumba macho kwa ule uchungu, akayafumbua na kutikisa kichwa kwa heshima. "Kumbe msesewa mnao," akasema.

Baada ya hapo togwa hupaswa kupozwa haraka hadi nyuzi 20 ili hamira isiungue, na mimi nilikuwa na roshani nzima ya theluji. Koti langu likiwa limejaa uji, mama alinivua aibu kwa kunivika sweta lake la zambarau, ambalo mikono yake iliniishia kwenye viwiko, nami nikatoka nje na kuizika sufuria hadi masikioni. Wengi hudhani theluji itapoza chungu mara moja. Theluji iliyoguswa na chungu huyeyuka, ikaacha pengo la hewa pembeni, na hewa hiyo huhifadhi joto vizuri kuliko koti langu. Chini nako huyeyuka upande mmoja kabla ya mwingine. Sufuria iliinama kwa utaratibu, kama mzee anayesinzia ibadani, nami nilipoidaka lita kadhaa zilikuwa zimekwisha kupita katikati ya mbao za roshani na kuelekea chini.

Jirani wa chini alitoka. Ni mzee mstaafu, Mmarekani, ambaye hadi siku hiyo tulikuwa tumesalimiana kwenye lifti tu. Alitazama juu, akaniona nimevaa zambarau. Alipitisha kidole kwenye reli yake, akaonja, akafikiri.

"Cascade?" akauliza.

Alikuwa amepika bia nyumbani maisha yake yote, na katika stoo yake mlikuwa na mashine ya kupasulia shayiri, ya magurudumu mawili, ambayo alisema angeniazima wakati wowote kama ningegonga mlango.

Kilichosalia nilikiongezea maji baridi kikafika lita 19, nikatia hamira, nikafunga ndoo kwa mfuniko wenye kijibomba cha maji ambacho huiachia gesi njia bila kuruhusu hewa ya nje kuingia, na kuiweka katika kabati la nguo la ukutani. Hamira ile hupenda nyuzi 18 hadi 20. Mama hupenda 26, na mwenye kugusa kitasa cha joto katika nyumba yetu alikuwa yeye. Kwa joto hilo hamira haichachui, inafanya ghasia. Makapi yaliyoponyoka foronyani yakapanda na povu, yakaziba kijibomba, na gesi ikakosa pa kutokea. Usiku wa manane tuliamshwa na mshindo. Mfuniko uliugonga ubao wa juu wa kabati, milango ikafunguka yenyewe, na povu likapakwa dari, taa, na suti yangu ya harusi.

Mama alitokea mlangoni akiwa amejifunika blanketi zote.

"Baba," akasema kwa utulivu, "imeiva."

Iliyobaki niliitia katika chupa. Wiki kadhaa baadaye, wenzetu wa Kilimanjaro waishio hapa walipokuja kumuaga mama, niliifungua. Jirani wa chini, niliyemwalika kwa sababu ya reli yake, aliinua glasi kwenye mwanga na mwanga haukupita; unga ulikuwa umeelea kuanzia kitako hadi povu. Alisema ni bia yenye tabia yake, akaomba maji. Wazee wetu, kwa upande wao, walionja, wakatazamana, wakatafuna kidogo, wakauliza ni nani amepata mbege huku ughaibuni, na mmoja akakataa glasi akitaka kitu kikubwa zaidi. Mama hakusema kitu, alikuwa akiwajazia.

Chupa zilipokwisha, mzee huyo huyo aliniuliza nyingine itakuwa tayari lini. Mke wangu alinitangulia kujibu, kwamba itakuwa tayari dari ikishapakwa rangi na blenda ikishanunuliwa, na kwamba michango ya vyote viwili inapokelewa mlangoni.