Jamani, bomba la bwawa tuliache wazi

Wiki jana nimerudi kijijini, nikapitia bwawani kabla hata sijafika kwa mama, na nilichokiona pale kimeninyima usingizi ndo mana naandika. Bwawa limejaa. Maji yametulia kabisa, watoto wanavua ngege kwa ndoano, ng'ombe wanakunywa taratibu, mgeni angepita pale angepiga picha akaweka status. Mimi nikasimama juu ya tuta nikapima kwa macho, kutoka kwenye maji mpaka utoro, yani ile njia ya pembeni inayopitisha maji yakizidi, palikuwa pamebaki kama kiganja tu. Na mvua ndo kwanza zimeanza.

Kwa wale wasiolijua, hili ni bwawa dogo la udongo, huku kwetu Uganda, chini ya mlima Elgon, upande wa wilaya ya Manafwa. Kwenda juu tuta lina kama mita 4, na ukilitembea kutoka ukingo huu mpaka ule ni hatua kama 70. Lilijengwa kwa ajili ya mafuriko. Chini kabisa ya tuta limepita bomba la zege ambalo halina koki wala mlango, linatakiwa kubaki wazi mchana na usiku, mwaka mzima. Mvua kubwa ikinyesha mlimani maji yanakuja kwa fujo, yanafika pale yanakuta bomba ni dogo, basi yanajikusanya nyuma ya tuta na kutoka kidogokidogo, siku moja au mbili bwawa linakuwa tupu tena linasubiri mvua nyingine. Kazi yake ni hiyo tu. Siku nyingi za mwaka lile bwawa likiwa zima ni shimo lenye nyasi, na watu wakiliona hivo wanasema serikali imetupa pesa.

Mtu akiniambia tuache maji kidogo tu huwa namwomba tupige hesabu. Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye eneo la kilometa mraba 1 ni lita milioni 1 za maji. Hizo ni jerikani 50,000, zile za lita 20 ambazo dada zetu wanabeba. Sasa mvua ya milimita 40, ambayo huku kwetu inanyesha jioni moja na asubuhi watu wanaenda shamba kama kawaida, hiyo ni jerikani milioni 2 kwa kila kilometa mraba. Kweli si yote yanafika bwawani, mengine yananywewa na ardhi, lakini ardhi ikishashiba na huko juu miti imekatwa, sehemu kubwa inateremka. Ikifika ikute bwawa limejaa ngege, itakaa wapi? Itapita juu kama vile hatukujenga kitu.

Na sisi watu wa huku hatuhitaji kufundishwa maji ni nini. Usiku ule wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mto Nabuyonga na Namatala iliingia Mbale mjini, zaidi ya watu 20 walikufa, wengine walikuwa ndani ya magari. Bududa Oktoba 2018 mto Suume ulishuka na mawe na miti ukapita katikati ya watu. Tukienda huku chini, wakulima wa mpunga wa Doho kule Butaleja wanaujua vizuri mto Manafwa ukijaa mchanga na kuruka kingo. Sisemi bwawa letu lingezuia hayo, ni dogo mno, lipo kwenye kijito tu. Lakini kijito hichohicho kabla ya bwawa kilikuwa kinakata barabara ya kwetu kila msimu na kuingia kwenye nyumba za wale wa bondeni, na baada ya bwawa kikaacha. Mama mmoja wa huko chini aliniambia alikuwa analala na viatu mguuni mvua ikinyesha, siku hizo akaanza kuvivua.

Sasa hilo bomba nani kaliziba? Nilimuuliza mzee mmoja jirani, mtu ninayemheshimu sana, nikamwambia mzee wangu, zile mbao mbele ya bomba ameweka nani? Hakunificha. "Ni sisi, kijana wangu. Wewe Januari mwaka jana ulikuwa mjini. Ng'ombe walikuwa wanatembea mpaka mto mkubwa kunywa, kwenda na kurudi siku nzima. Maji yanapita hapa mlangoni kwetu tunayaangalia yanaenda, ungefanya nini?"

Nikakosa la kusema. Na mpaka leo naona ana haki. Mradi ulikuja ukasema bwawa, na kwa mtu wa ng'ombe bwawa maana yake ni maji, hakuna mtu aliyekaa na wazee chini ya mti akawaeleza kwamba hili ni la aina nyingine. Walipima, wakajenga, wakapiga picha, wakaenda. Hata kibao hakuna. Alafu leo tuwaite wazee wajinga? Hapana, hapo siwezi kukubali.

Ila na ya Agosti mwaka jana mzee mwenyewe aliyaona. Mvua ya alasiri moja tu, bwawa likiwa limejaa, maji yakapanda haraka mpaka kwenye utoro, na pale kwenye utoro vijana walikuwa wamekaza wavu ili samaki wasitoroke. Wavu ukashika majani ya migomba na matakataka, ukawa ukuta. Maji yakatafuta njia nyingine, yakapata pale juu ya tuta ambapo ng'ombe wamezoea kuvuka na wamepachimba kwa kwato mpaka pamekuwa chini kuliko pengine. Yakaanza kupita. Mfereji ulianza kama upana wa jembe, kabla mtu hajamaliza kuita watu ulikuwa unatosha ng'ombe kulala ndani. Kijana mmoja aliingia akaukata ule wavu kwa panga, na mvua ikakatika. Mvua ingeendelea nusu saa nyingine leo naandika kitu kingine.

Tuta la udongo halivumilii maji kupita juu yake, hicho ndo kinachoyaua mengi duniani. Kule Marekani, Pennsylvania, tarehe 31 Mei 1889 bwawa la udongo la South Fork lilivunjika likaumaliza mji wa Johnstown, watu 2,209 walikufa. Na ukisoma habari zake unashtuka: mabomba ya chini yalikuwa yameng'olewa na hayakurudishwa, tuta lilikuwa limeshushwa juu ili magari ya farasi yapite vizuri, na kwenye utoro waliweka nyavu za chuma ili samaki wasitoke. Samaki! Miaka zaidi ya 130 na sisi tunafanya yaleyale. Na si mbali tu, majirani zetu Kenya kule Solai, Nakuru, Mei 2018 bwawa la udongo lilipasuka usiku likachukua zaidi ya watu 40.

Mi naomba hivi. Wazee wachimbiwe lambo lao, yani bwawa la kunyweshea ng'ombe, pembeni, nje ya njia ya mafuriko, lijazwe na mfereji mdogo, na samaki wahamie huko. Hilo si la kuomba kama sadaka, ni haki yao, na viongozi wa gombolola, yani kata yetu, waliokuja kuzindua bwawa ndo wa kudaiwa kwanza. Bila lambo hata tukizibua leo, Januari mbao zitarudi, na mimi sitakuwa na uso wa kumlaumu mtu.

Mbao zitolewe sasa, lakini taratibu. Vijana walitaka kuzing'oa zote siku moja nikawasihi wasifanye hivo, mana udongo wa ndani umekaa na maji miezi, umelowa, ukiondoa maji ghafla ule upande wa ndani unaporomoka wenyewe, alafu wale wa chini unawapelekea mafuriko kwa mkono wako. Tumekubaliana ubao mmoja, tusubiri maji yashuke, kesho yake mwingine. Mpaka jana umetoka wa tatu.

Na tuta lenyewe linaumwa. Kuna vichuguu viwili vya mchwa, kuna mashimo ya fuko, na mtu kapanda mikaratusi minne kwenye mteremko wa nje. Mti ukifa mizizi inaoza, inaacha njia za maji ndani ya udongo. Pale juu walipovuka ng'ombe panahitaji udongo wa mfinyanzi ushindiliwe tabaka kwa tabaka, si kumwaga lundo moja na kulipigapiga kwa sepeto, alafu tupande nyasi za pasipalamu na tuweke uzio wa miiba.

Mwenyekiti wa LC, yani baraza la kijiji, ametupa Jumamosi. Tunakutana pale kwenye utoro saa moja asubuhi, jembe unakuja nalo mwenyewe, na mwenye wavu wake auchukue kabla hatujafika.