Tumeni nauli, mswaki wa umeme kaeni nao

Kila Desemba mabegi yanayotoka London kwenda Entebbe hubeba miswaki ya umeme. Ni zawadi ya shangazi kwa mtoto wa nduguye mwenye usonji au mtindio wa ubongo, na nia ni njema. Lakini mtoto anayeziba masikio boda ikipita hatavumilia kitu kinachonguruma mdomoni, na vichwa vya kubadilisha utavitafuta Arua mpaka uchoke. Mswaki wa kawaida wenye nywele laini na kichwa kidogo, wa duka la mtaani, unatosha. Watoto hawa wanapohudumiwa vizuri huku Uingereza, kinachowasaidia zaidi ni kalenda na faili.

Huku tunahimizwa mtoto aonwe na daktari wa meno kabla hajatimiza mwaka 1, na matibabu ya meno ya NHS, huduma ya afya ya serikali ya huku, ni bure mpaka afike miaka 18. Kliniki ya kawaida ikishindwa naye, anapelekwa kwenye huduma ya meno ya jamii. Ziara ya kwanza huko pengine hata mdomo hafungui. Anakaa kwenye kiti, kinapandishwa na kushushwa, anashika kioo, anakwenda zake. Ya pili wanahesabu meno. Wakiweza wanampa daktari yuleyule na saa ileile, asubuhi kabla watu hawajajaa. Faili linasema anatumia dawa gani, nini humtisha na nini humtuliza.

Nyumbani Uganda ada kwenye hospitali za serikali iliondolewa 2001, na vituo vya afya vya ngazi ya nne vingi vina afisa wa meno. Shida ni kwamba mtoto hufikishwa shavu likiwa limevimba, hajalala usiku, na mara nyingi dawa ya kuziba meno imekwisha, imebaki ganzi na koleo. Basi ziara yake ya kwanza ni kushikwa na watu wazima wanne na kung'olewa jino. Safari ijayo ataanza kupigana getini. Watu husema ni ule ulemavu wake. Mimi nasema hata mtoto asiye na tatizo lolote angepigana.

Wala msidhani huku ni peponi. Madaktari wengi wa meno wa NHS hawapokei wagonjwa wapya, na kuoza kwa meno ndiyo sababu inayoongoza kwa kulaza hospitalini watoto wa miaka 5 hadi 9 England. Foleni ya kung'olewa chini ya nusukaputi ni ya miezi, na mtoto anaisubiri akinyweshwa panado. Halafu mama wa huku yuko peke yake bafuni. Nyumbani kuna bibi, kuna mama mdogo, kuna kaka mkubwa, na kazi hii inataka mikono minne.

Mikono hiyo itumike hivi. Kwa mtoto mdogo, watu wawili wakae wakitazamana, magoti yagusane, mtoto alale katikati, kichwa mapajani mwa anayepiga mswaki na miguu kwa mwenzake. Aliye kwenye kiti cha magurudumu, funga breki, simama nyuma yake, egemeza kichwa chake kifuani mwako na shika kidevu kwa mkono mmoja. Kidevu kiinamishwe kidogo chini. Ukimwinua uso juu, mate na povu vinaingia kooni, na mwenye shida ya kumeza anapaliwa. Usianze na meno ya mbele, kwa sababu kwa watoto wengi wenye mtindio wa ubongo kuguswa hapo kunafunga taya ghafla. Ingia pembeni, kati ya shavu na meno, uende nyuma kabisa. Aking'ata mswaki usiuvute. Tulia, acha taya ilegee yenyewe, kisha uutoe. Wengine huweka kijiko cha chuma kumfungua mdomo, na hapo ndipo meno huvunjika. Tumia kitambaa safi kilichokunjwa kikawa kinene, au mpini wa mswaki wa zamani uliozungushiwa bandeji.

Dawa ya meno ni ya floraidi. Soma kwenye boksi: iwe 1000 ppm (kipimo cha floraidi) au zaidi, nyingi za watu wazima ni 1450. Baadhi ya zile za mitishamba hazina floraidi kabisa. Chini ya miaka 3 paka utando tu juu ya nywele za mswaki, kuanzia miaka 3 kiasi cha punje ya njegere, na asiyejua kutema abaki kwenye ule utando hata akiwa mkubwa. Futa povu kwa kitambaa, usimsukutue kwa maji, maana maji yanaondoa floraidi uliyoilipia. Mara mbili kwa siku, na ya usiku iwe baada ya dawa ya mwisho ya kunywa.

Hilo la dawa linasahaulika sana. Mtoto wa kifafa au selimundu hunywa dawa kila siku kwa miaka, na sirapu nyingi ni sukari tupu. Akinywa na kulala, sukari inakaa kwenye meno usiku kucha. Omba vidonge kama anaweza kumeza, au mpe sirapu pamoja na chakula, kisha maji. Fenitoini, ambayo ni ya bei nafuu na hutumika sana kwa kifafa, inaweza kuotesha fizi mpaka zikafunika nusu ya jino, na zinaota zaidi pale uchafu unapoachwa. Usiikatize mwenyewe, degedege litarudi kwa nguvu. Mwombe daktari aangalie kama kuna dawa mbadala, na wakati huo zidisha mswaki hata fizi zikitoa damu. Mwenye tundu la moyo, na watoto wengi wenye ugonjwa wa Down wanalo, daktari wa meno aambiwe kabla hajashika kifaa chochote. Aliyezaliwa na mgongo wazi asiguswe na glavu za mpira wa lateksi, kwani watoto hawa hupata mzio wake kwa urahisi. Mwenye selimundu asikaushwe kwa kiu wala kukalishwa kwenye baridi siku ya kung'olewa.

Na lile la ebiino, imani ya “meno ya uongo”, lisemwe wazi. Mtoto asiyenyonya vizuri, anayeharisha na homa, ndiye jirani anayemwonea “meno ya uongo” na kuita mtu wa kuyachokonoa kwa spoku ya baiskeli. Kinachotolewa ni chipukizi la jino halisi. Huja damu nyingi, usaha, hata pepopunda, na chonge ya kudumu inaota imepinda au haioti. Ugonjwa wenyewe umebaki pale pale.

Sasa kitu ambacho nyumbani kingewezekana hata kesho. Kuziba jino bila mashine, kwa kukwangua uozo na vifaa vya mkono na kujaza saruji ya meno iitwayo glasi ayonoma, kulianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa sababu ya vijiji visivyo na umeme. Hakuna mlio, mara nyingi hakuna sindano. Kwa mtoto wa usonji hakuna zuri kama hilo. Kinachoharibu ni mate: saruji ikilowa kabla haijashika inadondoka baada ya wiki chache, kwa hiyo kwa mtoto anayetokwa na udenda lazima mtu wa pili abadilishe pamba bila kuchoka. Na asile kwa saa moja.

Kuna pia silva daiamini floraidi ya asilimia 38, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu 2021. Midomo inapakwa vaselini, jino linakaushwa, dawa inapakwa kwa dakika moja, na inarudiwa baada ya miezi 6. Uozo unasimama lakini unakuwa mweusi tii, kwa hiyo mama aambiwe mapema asije akadhani jino limeunguzwa. Haifai kwa jino lenye usaha au linalouma usiku. Ulizeni kliniki kama wanayo kabla ya kupanda gari.

Kwa hiyo mkituma hela, tumeni nauli ya kumpeleka kila baada ya miezi 6 akiwa hana maumivu, pamoja na mtu wa kumsindikiza, na boksi mbili za dawa ya meno. Mwambieni anayempeleka jambo moja zaidi. Baada ya sindano ya ganzi mdomo hausikii kwa saa mbili au tatu, na mtoto anaweza kuutafuna mpaka uvimbe na kutoka kidonda cheupe. Familia hudhani ni usaha na kununua antibiotiki. Akae naye mtu, asipewe chakula cha kutafuna, na kila anapouingiza mdomo kati ya meno autoe kwa kidole mpaka ganzi iishe.