Kabla ya Tiba ya Mazoezi ya Macho, Mzazi Adai Vipimo

Mtoto anayezisoma herufi zote za chati iliyotundikwa mita 6 mbele yake huambiwa kwamba macho yake ni mazima, ilhali kitabu husomwa kwa umbali wa takribani sentimita 40, ambapo macho mawili hulazimika kugeukia ndani kwa pamoja na kubaki hivyo kwa muda mrefu. Kwa maoni yangu, uchunguzi unaofanywa kabla ya tiba ya mazoezi ya macho, yaani mazoezi ya kuyafunza macho mawili kufanya kazi pamoja, una thamani pale tu unapoupima ushirikiano huo.

Mtaalamu huanza kwa kuuliza iwapo mtoto huumwa kichwa anaposoma, huruka mistari au huona maneno mawili mawili. Huziba jicho moja ili aone kama lililo wazi linasogea, dalili ya makengeza ambayo huenda nyumbani hayajagunduliwa. Kisha huisogeza kalamu taratibu kuelekea puani na kupima mahali inapoanza kuonekana mbili. Macho yanayoshirikiana vizuri huistahimili hadi karibu sana, kwa kawaida chini ya sentimita 6. Hupimwa pia wepesi wa kuhamisha mtazamo kutoka mbali hadi karibu, na uwezo wa kufuata kitu kinachotembea.

Matone ya kupanua mboni yasirukwe hata kidogo, ingawa mtoto ataona vitu vya karibu kwa ukungu kwa saa kadhaa na hatafaa kwa mtihani siku hiyo. Bila matone, tatizo la kutoona vizuri karibu laweza kujificha, na huenda mtoto huyo alihitaji miwani tu.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, uliohusisha watoto 221 wenye tatizo la macho kutokutana vizuri karibu, ulionyesha kwamba baada ya wiki 12 za mazoezi ya kliniki asilimia 73 walipona au kupata nafuu, dhidi ya asilimia 35 ya waliopewa mazoezi ya kuigiza, yaani yanayofanana na ya kweli lakini yasiyo na tiba. Hata hivyo, utafiti mwingine wa mwaka 2019 uligundua kwamba mazoezi hayo hayakuongeza ufahamu wa kusoma kuliko yale ya kuigiza. Kwa hiyo mzazi anayeahidiwa kwamba mazoezi yatamfanya mwanawe asome vizuri darasani ana haki ya kukataa kulipa mpaka apewe ripoti yenye jina la tatizo, vipimo vyake kwa tarakimu na tarehe ya kupimwa upya, kisha aipeleke kwa daktari bingwa wa macho na kuijadili pia na mwalimu wa mtoto.