Siku 43 za Mkwamo Marekani: Je, Maseneta Wanane Waliuza Mechi?

Usiku wa Novemba 9, 2025, maseneta wanane wa upande wa Democratic, mmoja wao akiwa seneta huru Angus King anayeketi nao, waliungana na Warepublican kufikisha kura 60 dhidi ya 40 na kufungua njia kwa muswada wa matumizi wa kumaliza mkwamo wa bajeti uliokuwa umesimamisha shughuli nyingi za serikali ya shirikisho ya Marekani tangu Oktoba 1. Siku tatu baadaye Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada huo kwa kura 222 dhidi ya 209, na Rais Donald Trump akautia saini. Ndani ya chama cha Democratic, hata hivyo, ugomvi ndio kwanza ulikuwa unaanza.

Dai kuu la Wademocrat lilikuwa kuongezewa muda kwa ruzuku za bima ya afya zilizopanuliwa mwaka 2021, ambazo zilikuwa zinaisha mwishoni mwa 2025. Warepublican walikuwa na viti 53 vya Seneti, hivyo kanuni inayotaka kura 60 ili muswada wa aina hii usonge mbele iliwapa walio wachache turufu ambayo hawakuwa nayo mahali pengine popote. Waliitumia: muswada wa matumizi ya muda uliotoka Baraza la Wawakilishi ulikwama Seneti mara 14.

Wanaowalaumu wanane hao wana hoja nzito. Novemba 4 Wademocrat walikuwa wameshinda ugavana wa Virginia na New Jersey, na Trump mwenyewe alikiri kwamba mkwamo ulichangia kipigo cha chama chake. Kusalimu amri siku tano tu baada ya ushindi huo, tena kwa ahadi ya kura ya Seneti kuhusu ruzuku mwezi Desemba, kulionekana kama kutupa ngao wakati adui anaanza kuyumba. Ahadi ya kupiga kura si ahadi ya matokeo, na Spika wa Baraza la Wawakilishi, Mike Johnson, hakuahidi hata hiyo kura katika baraza lake. Isitoshe, hakuna hata mmoja kati ya wanane hao aliyekabiliwa na uchaguzi mwaka 2026. Wawili, Dick Durbin na Jeanne Shaheen, walikuwa wameshatangaza kustaafu. Kiongozi wao, Chuck Schumer, ambaye mwezi Machi alishambuliwa vikali kwa kuruhusu muswada wa namna hiyo upite, safari hii alipiga kura ya hapana. Mtu hahitaji kuwa mbea ili aone kwamba mgawanyo huo wa kura una harufu ya hesabu.

Lakini upande wa pili hauwezi kupuuzwa, kwa sababu maumivu ya mkwamo hayakuwafikia waliokuwa wakibishana. Mwishoni mwa Oktoba waongoza ndege walipokea hati za mshahara zenye sifuri, na baadhi yao wakaanza kutafuta vibarua vya kuendesha magari baada ya zamu. Novemba 1 malipo ya msaada wa chakula, unaotegemewa na watu wapatao milioni 42, yalisimama, na kuanzia Novemba 7 safari za ndege zikapunguzwa kwa amri katika viwanja 40 vikubwa. Chama kinachojinadi kuwa mtetezi wa wanyonge kilikuwa kinashikilia silaha ambayo makali yake yaliwakata wanyonge kwanza.

Kuna jambo zito zaidi. Mkakati huu hufanya kazi pale tu mpinzani anapotaka kwa dhati serikali ifunguliwe. Utawala wa Trump ulitumia mkwamo huo kutoa barua za kuachishwa kazi kwa watumishi wapatao 4,000, huku Rais akiwashinikiza maseneta wake waifute kabisa kanuni ya kura 60, jambo ambalo kiongozi wao, John Thune, alilikataa. Tena Marekani haina mlango wa dharura. Tanzania, Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali, kwa hiyo mgogoro hupelekwa kwa wapiga kura. Washington hakuna anayeweza kumrudisha mwenzake kwa wananchi kabla ya wakati, na kinachoamua ni nani atakayechoka kutazama watu wakiumia.

Kwa maoni yangu, wanane hao waliisoma hali sawasawa; waliokosea ni viongozi waliokipima chama kwa kipimo kimoja, ruzuku, ambazo Warepublican walio wengi hawakuwa na sababu ya kuzitoa. Desemba 11 kura iliyoahidiwa ilipigwa, nyongeza ya miaka mitatu ikapata kura 51 dhidi ya 48, ikakwama kwa kutofikia 60. Warepublican wanne waliiunga mkono.

Mapatano yenyewe hayakuwa bure, ingawa ni wachache walioyasoma hadi mwisho. Yalibatilisha barua zile za kuachishwa kazi na kuzuia nyingine hadi Januari 30, 2026. Muhimu zaidi, yaliipatia Wizara ya Kilimo, pamoja na msaada wa chakula, fedha hadi Septemba 30, 2026. Katika mvutano wowote kabla ya tarehe hiyo, njaa haingekuwa tena shinikizo dhidi ya Wademocrat, wala dhidi ya Warepublican.